Vidole Kwenye Tope la Kabwishi

Mama Blandine alifika asubuhi, Falonne akiwa bado anapiga mswaki uani, na hakukubali kiti. Alisimama pale pale langoni, beseni lake la kuoshea mawe likiwa tupu chini ya kwapa, akasema yote kwa pumzi moja.

"Falonne, ku Kabwishi kuko mamba muntu. Tumeona fasi alikanyaka mu matope. Bidole bitano, sawa bya mutoto. Sasa hata muntu moja hashuke tena ku mayi."

Falonne alitema povu. "Bidole bitano? Na makucha?"

"Makucha gani?"

"Ku bidole, mama mudogo! Kuko alama ya makucha ao hakuna?"

Mama Blandine alitazama vidole vyake mwenyewe, kana kwamba jibu lilikuwa pale. "Hakuna. Bidole tu, biko mviringo, sawa mutoto anatambaa."

Mswaki ulimponyoka Falonne ukaanguka mchangani. Alimkamata mama yake mdogo mabegani, beseni likadondoka na kulia kama kengele, na kabla yule mama hajajua kinachoendelea, mtoto wa dada yake alikuwa anamzungusha uani kama watu walio harusini.

Kolwezi nzima inamjua mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayewavuta watu chini. Falonne mwenyewe alikua akimwona amechorwa kwenye ukuta wa baa ya mtaani kwao, na utotoni hakuwahi kupita pale bila kukimbia. Lakini siku hizi alikuwa akimtafuta kiumbe mwingine. Alifanya kazi na shirika dogo linalofuatilia fisi-maji, wanyama wenye manyoya wanaovua kaa na samaki, katika mito inayoingia Lualaba. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kando ya maji, kutafuta nyayo na mavi, kufunga kamera kwenye miti, na kujua wanyama hao wako wapi na wamebaki kiasi gani. Kule juu, upande wa Mutshatsha, walikuwepo. Huku chini, karibu na mashimo ya shaba ya mgodi wa Mashamba, alikuwa ametafuta misimu miwili ya kiangazi bila kupata hata alama moja. Wenzake walikuwa wameanza kumwambia aache, maji ya huku yamechoka, hakuna mnyama atakayerudi.

Na katika mito yote ile, mnyama anayeacha kwenye tope kiganja cha vidole vitano bila kucha, kama cha mtoto mchanga, alikuwa huyo huyo anayemtafuta.

"Haina mamba muntu," alisema akihema. "Ni fisi wa mayi, mama mudogo! Amerudia!"

Mama Blandine hakucheka. Aliokota beseni lake. "Basi fanya haraka umwambie Tata Polycarpe. Siku ya Mungu, kisha misa, anachoma matete yote ya Kabwishi. Esanse iko tayari mu bidon."

Petroli kwenye madumu! Falonne aliacha kuhema. Jina lile alilijua. Polycarpe Kabemba alikuwa PDG, kama wachimbaji wanavyomwita kiongozi wa kundi lao, na mwezi uliopita mdogo wake, Mulumba, alikuwa amezama katika bwawa lile lile, mchana kweupe, aliposhuka kunawa vumbi baada ya kazi.

Furaha yake ilipata kivuli, ila haikuzimika. Alivaa mabuti, akatupa kamera mgongoni, akawasha pikipiki.

*

Bwawa la Kabwishi lilikuwa dogo. Zamani watu wa reli walikuwa wameziba kijito kwa tuta la udongo ili kupata maji, wakaondoka, na matete yakachukua upande wote wa juu. Upande wa chini, chini ya tuta, wanawake waliosha mawe ya shaba yaliyotoka kwenye mashimo. Siku ile hapakuwa na mtu majini. Mabeseni yalikuwa yamepangwa kifudifudi, na watu walikaa mbali, mgongo kwa mashimo, macho kwa matete.

Polycarpe alikuwa amesimama juu ya tuta. Alikuwa mtu mrefu, ndevu hazijanyolewa tangu msiba, kofia ya kuchimbia bado kichwani. Falonne alizima pikipiki mbali, akapanda kwa miguu, akainamisha kichwa.

"Tata Polycarpe, pole na ndugu yako. Mi sikufika ku kilio. Unisamehe."

"Aksanti, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Blandine anasema unafanya kazi na banyama."

"Njo kazi yangu. Naomba tu kuangalia matope."

"Angalia. Lakini usipoteze wakati kunieleza. Mulumba alijua kuogelea kuliko mi. Na siku ile, mbele ya kushuka, tulisikia muluzi mu matete. Muluzi wa muntu. Aliuitikia, akacheka, akashuka." Alinyoosha kidole kwenye matete. "Nani anapiga muluzi mu matete, mama?"

Falonne alijua. Lakini alimwona yule mtu taya lilivyokaza, akaona si wakati wake. Alisema tu, "Ntaangalia, tata," akashuka ukingoni.

Tope lilikuwa laini na jekundu. Hatua chache tu na akaziona. Alipiga magoti, kisha akalala kabisa kifudifudi, pua karibu na ardhi. Kiganja. Vidole vitano vilivyotanuka, ncha zake mviringo, hakuna hata mkwaruzo wa kucha. Nyuma yake, alama ya mguu wa nyuma, mpana, na mstari mzito ambapo mkia uliburutwa. Akafuata kwa kutambaa hadi kwenye jiwe bapa lililotokeza majini, na pale juu, bado bichi, palikuwa na kile alichokitamani misimu miwili: rundo la mavi yaliyojaa vipande vya maganda ya kaa.

Aliinama akanusa. Kisha akapiga kelele ya furaha iliyofika hadi kwenye mashimo.

Wachimbaji waliruka wima. "Amemukamata!" mmoja alilia. "Mamba muntu amemukamata!"

"Hapana!" Falonne aliinuka, tope usoni, kipande cha ganda mkononi. "Ni mavi! Mavi ya muzuri sana!"

Mama Blandine alifunika uso kwa kitenge.

Alijaza kichupa chake cha sampuli huku akicheka peke yake. Ndipo, alipogeuka kuchukua kifuniko, akaona pembeni ya jiwe alama nyingine. Ndogo. Ndogo sana, kana kwamba mtu amebonyeza vidole vya mdoli kwenye unga. Zilikuwa nyingi, zimepandana, zinazunguka, zinateleza hadi majini na kurudi, na zote ziliingia kwenye kijia chembamba katikati ya matete.

Watoto.

Hakupiga kelele safari hii. Alitazama matete, makavu, manjano, marefu kuliko mtu, na akawaza madumu ya esanse. Fisi-maji mkubwa angeweza kuruka majini na kukimbia. Wadogo wangebaki kwenye kiota chao.

Alifunga kamera kwenye mti wa karibu na kile kijia, akaificha kwa majani ili apate picha za kumwonyesha Polycarpe, akapanda tena kwenye tuta.

"Tata," alisema, "kesho asubuhi nitarudia. Naomba moto usiwashwe mbele ya siku ya Mungu, sawa vile ulisema."

"Nilisema siku ya Mungu, itakuwa siku ya Mungu."

*

Jumamosi jua lilipochomoza, Falonne alikuwa tayari yuko pale. Alitoa kadi kwenye kamera, akaichomeka kwenye simu, akakaa juu ya pikipiki.

Video ya kwanza ilionyesha unyasi ukipepea. Ya pili, unyasi. Ya tatu, kulipokuwa kunapambazuka, matete yalifunguka na kichwa kikatoka, kipana, masharubu meupe, kifua cheupe kama msichana wa sekondari mwenye kola nyeupe. Yule mama fisi-maji alisimama akinusa hewa. Nyuma yake wakaja wawili, wanene, miguu mifupi, wakikanyagana. Mmoja alijaribu kumpita mama yake, akateleza kwenye tope, akashuka kwa tumbo hadi majini, plup. Mwenzake alimtazama. Kisha naye akalala kwa tumbo, kwa makusudi, akateleza. Wakapanda tena. Wakateleza tena.

Falonne alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Ni wazi walikuwa wamezaliwa hapa, Mashamba, mahali ambapo kila mtu alisema hakuna kinachoweza kuishi.

Wanawake walipofika aliwaita. Walikataa. Mama Blandine ndiye aliyekubali kwanza, akaishika simu kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Alitazama. Akasogeza uso. Wadogo walipoteleza, bega lake lilitikisika mara moja, kisha mara ya pili, kisha akapasuka kwa kicheko, akaketi chini kabisa.

"Mamba muntu!" alisema, machozi yakimtoka. "Eee, mamba muntu wa masharubu! Banamuogopa huyu? Njo huyu alitukimbiza na mabeseni?"

Basi wote wakamzunguka. Simu ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akidai kuiona tena pale wanapoteleza, na kicheko chao kilipanda juu ya tuta hadi kwa wanaume. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, wenyeji wa Kabwishi walicheka.

Polycarpe alikuja kwa sababu ya kicheko kile. Falonne alimpelekea simu kwa mikono miwili.

Hakuipokea. "Picha ya telefone," alisema. "Siku hizi muntu anatengeneza picha ya kila kitu. Hata ya Mulumba nilitumiwa, anasimama, anazungumuza, sawa hakufa. Nani aliifanya, sijui." Macho yake yalikuwa mekundu. "Usinionyeshe bintu bya telefone, mama."

Falonne aliteremsha mikono. Ndipo alipoona macho ya Polycarpe yakihama, yakipita juu ya bega lake.

Moshi.

Ulikuwa ukipanda kutoka ng'ambo ya bwawa, mweupe, kisha mweusi. Kundi la vijana wa shimo la pili lilikuwa limechoka kungoja. Walikuwa wamechukua dumu moja la esanse wakazunguka kwa nyuma. Moto ulikamata matete kwa mlio kama wa mtu anayepasua mbao, na upepo wa kiangazi ukausukuma kuelekea huku.

"Mulisema siku ya Mungu!" Falonne alipiga kelele, lakini tayari alikuwa anakimbia.

Aliingia majini hadi kiunoni. Aliwasikia kabla ya kuwaona: mluzi mmoja, mkali na safi, kutoka ndani ya matete, kisha wa pili. Juu ya tuta Polycarpe alishtuka kana kwamba ameitwa jina.

Matete yakafunguka. Yule mama alitoka akiogelea, kichwa juu kabisa, na mdomoni, kwa ngozi ya shingo, alikuwa amebeba mmoja wa watoto wake. Alikata bwawa moja kwa moja, mbele ya macho ya watu wote, wachimbaji, wanawake, vijana walioshika kiberiti, na hakumjali yeyote kati yao. Alipanda kwenye tuta. Alimweka mtoto juu ya nyasi, hatua chache tu kutoka kwenye mabuti ya Polycarpe, akainua kichwa akapiga mluzi.

Akageuka, akatumbukia, akarudi kwenye moshi.

Hakuna aliyesogea. Kale katoto kalikuwa kanatetemeka na kulia kwa sauti nyembamba.

"Ni ile sauti," Polycarpe alisema. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Ni ule muluzi. Ni ye tu." Kisha sauti yake ikapasuka. "Ni mama anaita batoto!"

"Asiguswe!" Falonne alipiga kelele kutoka majini. "Muache hapo, mama yake atarudia! Kuko mwingine ndani! Moto, tata, moto!"

Polycarpe alivua shati. "Bapelo!" aliwangurumia watu wake, yaani makoleo. "Munangoja nini? Mukate matete hapa, munafungua njia, mupana sana! Blandine, mabeseni!"

Na watu wale walijua kuchimba. Walishuka kwenye matete kama wanavyoshuka mashimoni, bega kwa bega, mapanga mbele na makoleo nyuma, wakikata na kugeuza udongo mbichi juu, hadi ukanda wa tope jekundu ukaanza kuonekana kati ya moto na kiota. Wanawake walisimama kwenye mstari tangu majini, mabeseni yakapita mikononi yakijaa na kurudi tupu, na Mama Blandine akatoa sauti ya kuhesabu pigo kama mtu anayeongoza kwaya. Vijana walioleta moto walikuwa wa kwanza kuungua nyusi, hawakurudi nyuma. Falonne alipiga ndimi za moto kwa koti lililolowa, akikohoa, akilia kwa moshi, na katikati ya yote alijikuta anacheka, maana upande wa kushoto kwake mtu mzima mwenye misuli kama kamba alikuwa anauambia moto, "Toka, toka, kuko batoto!"

Moto ulifika kwenye ukanda wa tope. Ukasimama. Ukatafuta pa kupita, ukalamba, ukapungua, ukabaki moshi.

Waliegemea mapanga yao na kusikiliza. Hakuna mluzi.

"Amekufa?" Mama Blandine alinong'ona.

Falonne alitazama mdomo wa kile kijia chembamba mpaka macho yakamuuma. Maji yalitulia. Kisha, siyo pale alipotazama bali kando kabisa, chini ya mizizi, viputo vikapanda mstari mmoja, vikaelekea kwenye tuta, na kichwa kipana kikatokeza na mtoto wa pili mdomoni, amelowa, amekasirika, mzima.

Kelele iliyopigwa siku ile ilisikika hadi barabarani. Madereva wa malori walisimama kuuliza kama kuna goli. Falonne alirukaruka majini kama mwendawazimu. Yule mama hata hakugeuka. Aliwakusanya watoto wake wawili, mmoja alipochelewa alisukumwa kwa pua, wakapanda kijito kuelekea juu, kwenye msitu mdogo ambako hakuna mashimo, na nyasi zikajifunga nyuma yao.

*

Watu walipotawanyika, Polycarpe alibaki ameketi juu ya tuta, masizi kifuani. Falonne alikaa karibu naye, siyo sana.

"Basi nani alimukamata Mulumba?" Polycarpe aliuliza.

"Sijui, tata. Singependa kukudanganya. Unionyeshe fasi alishuka."

Walikwenda pamoja. Falonne alisukuma ufito mrefu chini ya ukingo, nao ukaingia wote, ukapotea. Chini ya nyasi palikuwa patupu; maji yalikuwa yamekula udongo, na ukingo ulining'inia kama dari. Mtu akikanyaga pale, ukingo hukatika na ardhi humfunika majini, hata kama anajua kuogelea. Polycarpe alijaribu mwenyewe kwa ule ufito, mara nyingi. Kisha alilia, na Falonne alimwacha alie.

Kabla ya jua kuzama Polycarpe alikuwa amerudi na watu na magogo. Walipazungushia pote, wakaweka ngazi ya mawe upande wa pili kwa wanaoshuka kunawa.

Wanawake walikubaliana wenyewe kuoshea mawe chini zaidi, mbali na kijito cha juu, na vijana wa shimo la pili walipewa kazi ya kulinda matete yaliyobaki, kazi waliyoifanya kwa ukali kuliko askari yeyote. Ofisini kwa Falonne wenzake hawakuamini mpaka walipoiona video. Baadaye mmoja wao aliiangalia mara nyingi hivi kwamba chakula chake kilipoa.

Lakini swali moja halikumpa Falonne usingizi. Yule mama fisi-maji alikuwa amepita wapi kufika Kabwishi, kati ya mashimo, malori na maji machafu? Kama kuna njia moja safi kutoka Lualaba, basi wengine wangeweza kuifuata. Wiki iliyofuata aliamua kushuka na kijito kwa miguu hadi mtoni. Alipofika kwenye tuta alimkuta Polycarpe amekaa pale, mabuti miguuni, panga begani.

"Njia iko na miiba," alisema tu. "Tuende."

Walitembea wakichunguza kila jiwe. Kulikuwa na sehemu ambapo kijito kilipita ndani ya bomba chini ya barabara, na Falonne alilala kifudifudi kuchungulia. Ndani, kwenye mchanga, palikuwa na alama za viganja. Polycarpe naye alilala karibu yake, akaangaza kwa taa ya kofia yake. Mbele zaidi waliona jiwe lenye maganda ya kaa, na mbele zaidi jingine. Kila mara yule mtu ndiye aliyeona kwanza, akaita, "Mama, mavi!", kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu cha thamani, na Falonne akaja mbio.

Alasiri miti ilifunguka na Lualaba ikawa mbele yao, pana, ya kijani, ikimeta. Kwenye kisiwa cha mchanga kilichokuwa mdomoni mwa kijito, nyayo zilikuwa mbichi kiasi kwamba maji yalikuwa bado yanajaa ndani yake. Falonne aliweka kiganja chake pembeni ya mmoja. Ulikuwa mkubwa, mkubwa kuliko wa yule mama, na ulielekea juu, Kabwishi.

"Huyu si ule mama," alinong'ona. "Huyu ni dume. Anakuja, tata. Anakuja sasa hivi!"

Polycarpe alitia vidole viwili mdomoni na, taratibu, akajaribu kupiga mluzi kama wa yule mama wa matete.